Barua ya utani yamweka njiapanda fundi viatu anayetaka leseni ya uwakala wa soka

Saa moja kasoro asubuhi, mtaa wa Gongoni mjini Tabora. Abbasi Majidi ameketi kwenye kigoda, kiatu cha mpira amekibana katikati ya magoti. Anavuta uzi wa nailoni mara mbili, anasimama, anatupia jicho simu iliyolala juu ya kopo la gundi. Anarudi kwenye uzi. Mishono mitatu haijatimia, jicho limekwenda tena.

Hakuna anayempigia. Simu imefunguka kwenye ukurasa uleule tangu Jumanne: fomu ya kuomba kufanya mtihani wa leseni ya uwakala wa wachezaji, inayotolewa na Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA. Jina amejaza. Amethibitisha kwamba hajawahi kufungwa, hajafilisika, wala hana hisa katika kampuni ya kamari. Kimebaki kisanduku kimoja tu. Kinamtaka athibitishe kwamba kwa miezi ishirini na minne iliyopita hajafanya kazi ya uwakala bila leseni.

Leo ni Alhamisi. Maombi yanafungwa kesho jioni.

"Kidole kikifika hapo kinakufa ganzi," anasema. "Ningekuwa mwongo ningekuwa nimeshalala usingizi wangu. Ningekuwa sina doa, vilevile. Tabu yangu ni kwamba nimesimama katikati."

Abbasi ana miaka thelathini na sita. Aliishia kidato cha nne, akarithi kigoda na sindano za baba yake, na leo hakuna timu ya Tabora ambayo hajashona daluga zake. Siku ikiwa njema huondoka na shilingi elfu kumi na tano. Ikiwa mbaya, huondoka na vumbi. Ada ya leseni kwa anayefaulu ni dola mia sita kwa mwaka, takribani milioni moja na nusu ya shilingi. Ameidunduliza kwa miaka miwili na nusu.

Mtu atauliza: fundi viatu na uwakala vinakutana wapi? Vinakutana kwenye soli.

"Lete kiatu, nitakwambia mwenyewe anachezaje," anasema, akigeuza kile alichoshika. "Huyu hapa ni beki mvivu. Kisigino kimelika, kidole kizima kabisa. Yeye hurudi nyuma tu, hafuati mtu. Na ukimwambia atakasirika."

"Mwenyewe nipo hapa, fundi!" anafoka kijana mmoja aliyeketi kwenye benchi akisubiri. Wateja wengine wawili wanacheka hadi wanashikana mabega.

"Basi lika kidole, mdogo wangu. Nitakusifu bure."

Mji huu ulijulikana kwa miguu yake kabla reli haijachora mstari wake. Watu wa Unyanyembe walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, miezi mitatu ya jua na miiba, na jasho lao likajenga majumba ya wengine. Babu mkuu wa Abbasi alikuwa mmoja wao. Abbasi anaona safari ile haijaisha. Miguu ingali inatoka Tabora, na faida ingali inabaki njiani.

Anamtaja Silasi, kipa wa mtaani kwake. Silasi alisaini mkataba wa miaka mitatu akiwa kwenye boneti ya gari, mbele ya mtu aliyejiita meneja. Hakupewa nakala. Goti lilipovunjika, alirudi nyumbani na begi moja, na hadi leo hajui karatasi ile ilisema nini juu ya matibabu.

"Siku ile ndipo niliposema, basi, mimi nitasoma," anasema Abbasi.

Na kweli amesoma. Kanuni zote amezichapisha steshenari, akazishona kwa uzi wa viatu, kitabu kikawa kigumu kama soli. Mtihani una maswali ishirini kwa saa moja, na anayetaka leseni sharti apate angalau kumi na tano. Kiswahili hakimo katika lugha zake. Hapo ndipo anapoingia mkewe, Asmahani, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi. Kila jioni humkalisha mumewe mezani kama mwanafunzi wa darasa la sita.

"Akikosa maswali matatu mfululizo, chai haiji," anasema Asmahani.

"Nimepungua kilo nne," anajibu Abbasi.

Mtihani haumtishi. Kinachomtisha ni ukurasa mmoja wa daftari, ulioko kwenye faili moja jijini Dodoma.

Miezi kumi na minne iliyopita alikwenda Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kutazama kombe la wanawake. Katika timu iliyotoka Igunga alimwona mshambuliaji wa miaka kumi na tisa, Paskazia Masanja, binti wa wafugaji. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya. Baada ya mchezo Abbasi aliomba kuvishona bure, akavigeuza.

"Kiatu cha kulia kilikuwa kimelika kwa nje, cha kushoto kwa ndani. Huyo anageuka pande zote mbili. Kwa miaka kumi na minane ya kigoda, nimeona viatu vya namna hiyo mara mbili tu."

Siku hiyohiyo alikuwepo uwanjani Yoramu, katibu wa klabu moja ya wanawake ya Dodoma. Yoramu ni Mgogo. Abbasi ni Mnyamwezi. Watu wa makabila haya ni watani tangu misafara ilipokatisha Ugogo na kulipia maji na njia. Kwa watani kuambiana vibaya ndiyo adabu, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

"Mbeba mizigo wewe, bado hujafika pwani?" Yoramu alimchokoza.

"Nitafikaje, nanyi mmeketi barabarani mkidai ushuru wa kila kata ya maji?"

"Na huyo binti hapiti Dodoma bila ushuru. Mwandikie barua, nione kama mababu zenu waliwafundisha kuandika."

Abbasi akachana ukurasa wa daftari. Akaandika kwa mbwembwe kwamba yeye, Abbasi bin Majidi, Wakala Mkuu wa Miguu Yote ya Unyanyembe, anamkabidhi Paskazia kwa mtani wake afanyiwe majaribio; kwamba ushuru wa njia ni jozi moja ya kandambili; na kwamba yeye atachukua asilimia kumi ya kila goli. Badala ya mhuri, akapaka wino kisigino cha kiatu na kukigandamiza chini ya jina lake.

Watu walicheka. Paskazia akaenda Dodoma, akafanya majaribio, akapewa mkataba wa mwaka mmoja. Yoramu, kwa kucheka au kwa kutunza kumbukumbu, akaiweka ile barua kwenye faili la mchezaji.

Jumatatu ya wiki hii simu ikaita. Mpigaji alijitambulisha kama Advera, mwanasheria mpya wa klabu ile, ambaye alikuwa akikagua mafaili kabla ya mikataba mipya.

"Wewe ndiye wakala wa Paskazia? Naomba namba ya leseni yako."

Abbasi alicheka. Akaeleza habari ya watani, ya kandambili, ya kisigino.

"Mimi ni wa Bukoba, kaka," alisema Advera. "Utani wenu siujui. Ninachosoma hapa ni mtu aliyejiita wakala, akamkabidhi mchezaji kwa klabu, akataja asilimia. Na mchezaji akasajiliwa."

"Hata utani wangu ulivunja kanuni," anasema Abbasi sasa, bila kucheka. "Kanuni nilizosoma zinataja asilimia tano kwa mchezaji wa kipato kama chake. Mimi nikaandika kumi."

Lakini kuna jambo ambalo hakumweleza Advera. Baada ya Paskazia kusajiliwa, mama yake, Koleta, alisafiri kutoka Igunga na dumu la asali la lita tano. Alisimama mbele ya kigoda, akasalimia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, baba," akaweka dumu chini, akapiga magoti. Kwa mila za kule, mtu aliyemfungulia mwanao mlango haachwi mikono mitupu. Abbasi alipokea. Nyumba nzima ilikula asali ile hadi Ramadhani.

"Barua ilikuwa utani, nakubali," anasema, sauti ikishuka. "Asali je? Asali haikuwa utani. Nimeilamba mwenyewe."

Jumatano Yoramu alipiga. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mtani, usinyong'onyee. Faili liko kabatini na ufunguo ninao mimi. Nauchomoa ule ukurasa, nawashia jiko. Nani atajua?"

Abbasi anakiri kwamba hakukataa. Alisema, "Subiri kwanza." Na kusubiri huko ndiko kulikomnyima usingizi. Jioni alimweleza mkewe.

"Umewahi kunisimulia habari ya Silasi mara ngapi?" Asmahani aliuliza.

"Mara nyingi."

"Mtu aliyemsainisha kwenye boneti, karatasi yake iko wapi?"

Abbasi alifungua kitabu chake cha kanuni, akakifunga tena.

"Haipo," Asmahani alisema. "Ndiyo maana Silasi hana pa kushika. Sasa na wewe unataka kuanza kazi kwa kupoteza karatasi?"

Saa nne asubuhi hii ya Alhamisi anaweka kiatu chini, anafuta mikono, anampigia Yoramu.

"Mtani, usichome. Ipige picha, unitumie."

"Una wazimu! Unajifunga kitanzi mwenyewe!"

"Mababu zangu walifika pwani na mizigo yote, hawakuitupa Ugogo. Tuma picha."

Jioni kazi ngumu inakuwa juu ya Asmahani. Fomu ina nafasi ndogo ya maelezo, na maelezo lazima yaende kwa lugha ambayo haina utani. Anaandika, anafuta. Akisema ni rafiki anayetukanwa, wasomaji wa Ulaya watadhani ni ugomvi. Akisema ni mzaha wa makabila, watadhani ni ubaguzi. Akisema ni mkataba wa kale wa kucheka, neno mkataba litawashtua.

"Andika hivi," anasema Abbasi mwishowe. "Andika kwamba kuna watu ambao sheria yetu inaturuhusu kuwatania, na kwamba nilimwandikia mmoja wao barua ya kuchekesha. Kisha andika kwamba nilimpeleka binti kweli. Kisha andika asali."

"Asali pia?"

"Lita tano. Usipunguze."

Ijumaa saa tisa alasiri, kisanduku kile kimeachwa wazi, na pembeni yake pamejazwa maneno mia moja na sitini. Picha ya barua yenye alama ya kisigino imeambatishwa. Abbasi anabonyeza. Simu inazungusha duara, mtandao unasuasua, jasho linamtoka kana kwamba yuko golini akingoja penalti. Kisha ujumbe unakuja: maombi yamepokelewa, yatapitiwa.

Wiki mbili zimepita tangu hapo. Majibu hayajaja. Wanaweza kumruhusu afanye mtihani, wanaweza kumfungia mlango. Akifungiwa, ameshapiga hesabu: tangu siku ya barua hadi miezi ishirini na minne itimie, imebaki miezi kumi. Ataomba tena mwezi utakaofuata.

"Miezi kumi sitakufa," anasema, ingawa mguu wake wa kulia haujatulia chini ya kigoda tangu mazungumzo yaanze. "Ninachoogopa ni miezi hiyo kumi Paskazia atakuwa na nani."

Maana mkataba wa binti unakwisha mwezi huu. Wakala mmoja wa Dar es Salaam, mwenye leseni yake halali, ameshampigia mara tatu. Abbasi angeweza kumwambia Paskazia asubiri. Badala yake alimwambia kitu alichokisoma kwenye kile kitabu alichokishona: mchezaji halazimiki kuwa na wakala. Anaweza kuketi mezani mwenyewe, na akitaka, aende na mwanasheria.

"Nilipomwambia hivyo, nilijisikia kama duka linalomwonyesha mteja njia ya kwenda duka jingine," anasema.

Paskazia aliamua kuketi mwenyewe. Juzi, akiwa Dodoma na rasimu ya mkataba mpya mkononi, alipiga simu.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu."

"Hapa wameandika nikiumia, watanilipa 'kwa kadiri klabu itakavyoona inafaa.' Ni sawa?"

Jibu Abbasi alikuwa nalo. Alilijua kuliko jina la mtaa wake. Lilimjaa kinywani, akamwona Silasi na goti lake. Akafumba macho.

"Paskazia, nikikujibu hilo, nitakuwa nafanya kazi ambayo sijaruhusiwa, na safari hii si utani. Muulize mwanasheria wa chama cha wachezaji. Usisaini kabla hujamuuliza. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuambia."

"Hata kidogo tu, fundi?"

"Hata kidogo."

Binti akacheka. "Wakala Mkuu wa Miguu Yote, leo umekuwa bubu!" Alikata simu, na siku hiyohiyo akamtafuta mwanasheria. Kifungu kile sasa kinaandikwa upya.

Abbasi alichukua daftari jipya, akaandika tarehe, jina la Paskazia, na swali lake neno kwa neno. Chini yake akaandika jibu lote, mistari kumi na minne, akalifunga daftari. Siku atakayopata namba ya leseni, anasema, atapanda basi hadi Dodoma amsomee mwenyewe, hata kama wakati huo halitamsaidia tena.

"Nataka ajue nilikuwa nalo," anasema.

Jana asubuhi Paskazia alituma ujumbe wenye swali la pili, kuhusu nyumba ya kuishi. Abbasi hakujibu. Jibu lake limechukua kurasa mbili.