Rwanda Iliyoandikwa Uganda

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani katika kiwanda cha sabuni mjini Kisumu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kurekebisha makosa ya watu wengine. Serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wenye viwanda sehemu ya thamani ya mali waliyouza nje ya nchi, ili wapate moyo wa kuuza zaidi. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Taabu ilikuwa kwenye fomu za forodha. Jina la kiwanda likikosa herufi moja, fomu inarudi. Uzito usipolingana na ule ulioandikwa na watu wa reli, inarudi. Ukithubutu kufuta kwa raba, inarudi na barua ya kukukaripia juu yake.

Zilirudi kutoka Nairobi zimefungwa kwa uzi. Mwenye kiwanda, Mhindi mpole aliyezaliwa papo hapo Kisumu, alikuwa akiniwekea mezani bila kusema neno, kisha anasimama kidogo akiangalia nje dirishani, anaondoka. Hakuwa mtu wa kelele. Afadhali angepiga kelele.

Mwaka mmoja, mvua za masika zikiwa zimeanza, ikarudi fomu ya sabuni tuliyokuwa tumepeleka Rwanda mwaka uliotangulia. Sabuni ile ilipakiwa kwenye mabehewa, mabehewa yakaingizwa melini, yakavuka ziwa hadi Uganda, na huko ikachukuliwa na malori hadi Rwanda. Mbele ya fomu nilikuwa nimepiga taipu Rwanda, sawasawa. Lakini nyuma, pale afisa wa forodha anapothibitisha kwamba mali imeondoka, alikuwa ameandika kwa mkono wake Uganda. Na Uganda ilikuwa jirani yetu wa jumuiya. Mali ya kwenda huko haikuwa na marejesho. Kwa neno lile moja, shehena nzima haikuhesabiwa.

Nikaichukua nikaenda nayo bandarini. Mkuu wa forodha alikuwa mtu mgeni, amehamishwa kutoka pwani, na joto la Kisumu lilikuwa bado linamshangaza. Aliigeuza fomu, akaisoma, akaigeuza tena.

"Aliyesaini hapa amestaafu," akasema. "Amekwenda kwao, huko Sondu."

"Basi wewe Bwana huwezi kurekebisha? Mbele imeandikwa Rwanda, kila mtu anaona."

"Mama, mimi siku hiyo sikuwepo. Siwezi kuweka mkono wangu juu ya neno la mtu mwingine. Niletee barua ya huyo mzee, aseme alikosea, aweke saini yake. Hapo nitagonga muhuri."

Nilirudi kiwandani nikamweleza tajiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sondu ni mbali?" Nilijua hapo kwamba nitakwenda.

Nilikwenda Jumamosi, siku ambayo mume wangu, aliyekuwa mwalimu upande wa Maseno, hurudi nyumbani kwetu Kaloleni. Nikamwachia watoto na nguo zilizolowekwa. Basi likanishusha Sondu sokoni, nikaulizia, nikaonyeshwa njia ya kufuata mto. Matope yalinishika viatu. Nilivivua, nikavibeba mkononi, na ndivyo nilivyoingia kwa watu wale, mwanamke wa mjini, mkoba begani, miguu imejaa udongo hadi karibu na magoti.

Mke wa mzee ndiye aliyenipokea. Alinitazama kwa muda kabla ya kunikaribisha, na baadaye aliniambia alifikiri nimekuja kudai kitu. Mzee alikuwa ameketi ndani, mbali na mlango. Nilipomsalimu aligeuza uso kufuata sauti, akatazama kando yangu, ndipo nikaona macho yake. Yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

Nikamweleza shida yangu. Akasema, "Mimi sikukosea."

"Mzee, sabuni ilikuwa ya Rwanda."

"Nilisimama pale gatini nikaona mabehewa yakiingia kwenye meli ya Uganda. Nikaandika nilichokiona. Rwanda niliiona wapi mimi?"

Kwa kweli alikuwa na haki yake. Nilikaa pale nikijisikia nimechoka kabisa, nikawaza basi la kurudi, nikawaza zile nguo kwenye karai. Mkewe alileta ugali na ningu, wale samaki wanaopanda mto wakati wa mvua, akasema tule kwanza. Tukala. Mzee alikuwa akitoa miiba kwa vidole taratibu, na mkewe akawa anamsogezea bakuli bila kuonyesha kwamba anamsogezea.

Baada ya kunawa mzee akaniuliza, akiniita mwanawe kwa Kijaluo, "Nyathina, ukirudi bila barua itakuwaje?"

"Haitakuwa kitu. Nitarudi tu na fomu, Jumatatu nitaendelea na nyingine."

Nafikiri kilichomlainisha ni vile nilivyosema, maana sikuwa hata na nguvu ya kubembeleza. Alicheka kidogo. "Nawajua hao wa forodha," akasema. "Andika. Lakini usiandike kwamba nilikosea. Andika kwamba mali ilipita Uganda ikienda Rwanda."

Nikaandika hivyo, nikamsomea, nikamwekea kidole mahali pa kusaini. Kalamu ilianza juu ya mstari, ikateremka, ikaishia pembeni kabisa mwa karatasi. Mkewe aliangalia ile saini, akaangalia chini.

Jumatatu mkuu wa forodha aliweka barua kando ya fomu. Saini ya zamani ilikuwa imesimama wima, nzuri, na mkia uliopinda chini yake. "Hizi si za mtu mmoja," akasema.

"Mzee haoni, Bwana."

"Nakuamini, Mama. Lakini Nairobi nitawaambia nini?"

Nikamwambia tajiri kwamba mimi Sondu sirudi. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia kitu. Alichukua fomu akaiweka kwenye droo yake. "Haya, Mama. Tuiache." Nikaona haya kidogo, lakini nafuu niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko haya.

Hazikupita wiki mbili, askari wa langoni akaja kuniita. Nje alikuwa amesimama yule mzee, amevaa koti lake la kazi la forodha lililofifia rangi, mkewe amemshika mkono. Walikuwa wametoka hospitali. Daktari wa macho alikuwa amewaambia warudi kesho yake, na hawakuwa na pa kulala.

"Nikamwambia twende kwa yule mama wa sabuni," mkewe akasema.

Niliwapeleka Kaloleni. Watoto walilala chini, wageni wakapata kitanda chao. Asubuhi, kabla ya hospitali, nilimwuliza mzee kama tunaweza kupitia bandarini. Niliuliza kwa wasiwasi, nisije nikaonekana nimewalaza ili niwatumie. Akasema alijua saini yake ingekataliwa, na alikuwa amevaa lile koti kwa sababu hiyo.

Pale forodhani hakuna aliyemjua. Makarani wote walikuwa wapya. Alipapasa kaunta kwa kiganja, akasimama wima, akasubiri zamu yake kama watu wengine. Mkuu alipokuja nikamwambia, "Huyu ndiye." Mkuu akampa karatasi tupu asaini. Akasaini. Ikateremka. Akampa nyingine, ikateremka vilevile.

"Mzee, andika polepole," mkuu akasema.

"Bwana, nilipokuwa upande huo wako niliandika haraka. Unaona tulipofika."

Mkuu alicheka, cheko la mtu ambaye naye alikuwa na mafaili yake yaliyorudi. Akazitazama saini mbili zile mpya, akaiweka ile ya barua katikati. Zilifanana zote tatu kwa jinsi zilivyoteremka. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya Uganda, akaandika Rwanda, akaweka saini yake kando na kugonga muhuri, nakala zote, moja baada ya nyingine. Mzee alikuwa akisikiliza kila muhuri unavyogongwa.

Jibu la Nairobi lilichukua miezi, lakini fomu ilikubaliwa. Tajiri alifurahi kwa njia yake ya kimya. Alinipa siku moja ya mapumziko, nikailala yote. Kesho yake nilikuta mezani rundo jingine, limefungwa kwa uzi uleule mweupe.

Mzee alipasuliwa macho. Jicho moja lilipona, la pili halikupona. Kwa miaka kadhaa, kila alipokuja kliniki alifikia kwetu, na mkewe hakukosa kuleta kitu, mahindi, au ningu waliokaushwa kama ni majira yake. Jicho lile moja halikuweza kusoma herufi ndogo, kwa hiyo jioni alitaka nimsomee gazeti. Nilikuwa nimeshinda nikisoma karatasi mchana kutwa. Nilimsomea nikisinzia, naruka mistari, naye ananiambia, "Nyathina, hapo umeruka," mpaka mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa shule ya mjini, anainuka, ananipokonya gazeti taratibu na kuendelea yeye.