Shemeji Anataka Kulivunja Gari Alimouawa Mume Wangu

Mutuini, Jumapili, tarehe 11 Mei

Kwa Admin,

Naomba ufiche jina langu, maana shemeji yangu pia husoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu, mjane. Shule niliishia darasa la saba, mtanisamehe nikikosea. Naandika nikiwa na plasta shavuni.

Jana shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, aliingia kwangu na nyundo ya kuvunjia mawe. Hakubisha hodi. Alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye kigari chetu cha Kiitaliano, akapasua kioo cha mbele, akapasua taa, akapiga mlango mpaka ukakunjika. Nilipomshika mkono alinisukuma nikaangukia vioo.

"Mama Njeri, niachie," alisema. "Na leo nikishindwa, Jumamosi ijayo nakuja na mtu wa kukata vyuma."

Binti yangu Njeri ndiye aliyemtoa. Kisa cha hasira ni kwamba wiki hii niliita fundi, na baada ya miaka mingi gari likawaka. Shemeji anakaa ng'ambo ya ua. Aliusikia mngurumo wake.

Baba Njeri alilinunua mwaka wa 1984 kutoka kwa Mhindi aliyemwajiri, mwenye duka la vipuri mjini. Lilikuwa rangi ya maziwa, injini nyuma, paa la turubai la kukunja. Alinifundisha kuliendesha kwenye barabara za Karen, chini ya miti, ambako magari yalikuwa machache. Gia zilitaka ukanyage klachi mara mbili, na nikisahau lilipiga kelele kama sufuria inayokwanguliwa. Yeye hakunigombeza hata siku moja. Alisema tu, "Liombe msamaha, uendelee." Nikitoka sokoni mjini nilikunja paa na mkungu wa ndizi ukasimama kiti cha nyuma, kichwa nje. Makanga wa matatu pale Dagoretti Corner walinijua. "Mama, hiyo gari utaiweka kwa kiondo ukifika?" Mwingine alijibu, "Wacha mama, injini amesahau nyumbani." Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata mahali pengine.

Kitu kimoja mkielewe. Gari lile halikuwashwa kwa ufunguo peke yake. Unazungusha ufunguo, kisha unavuta kikono kidogo cha chuma kilicho sakafuni, nyuma ya gia. Miaka ya tisini, wizi wa magari ulipozidi, kila mtu Nairobi alificha kata-out ndani ya gari, swichi ya siri ya kuzima umeme. Wezi nao walijifunza kumpiga dereva mpaka aitaje. Baba Njeri alikataa kuiweka. "Mwizi wa hili atazungusha ufunguo mpaka apate malengelenge," alisema, na tukacheka.

Mwaka wa 1996, saa tisa mchana, tulisimama Hurlingham kununua dawa ya kifua ya Njeri. Nilipotoka dukani niliwakuta wawili. Mrefu alikuwa na bastola, amemkaba Baba Njeri shingoni. Mfupi alikuwa amekaa kwenye usukani akizungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya.

"Kata-out iko wapi, mzee?"

"Hakuna kata-out, ndugu yangu. Vuta hiyo kitu ya chini, hapo kwa gia."

"Unatubeba ufala?" Mrefu alimpiga na kitako cha bastola mdomoni, meno yakatoka.

Mimi nikasema, "Anasema ukweli. Vuta hicho kidogo."

Mfupi akavuta kingine cha pembeni yake, cha kuongeza petroli. Kimya. Baba Njeri, damu ikimtoka kinywani, akainama kumwonyesha kwa mkono wake. Yule mrefu akadhani anatafuta silaha. Alimpiga risasi mbili, akakimbia. Mume wangu alianguka juu ya kile kiti, nusu ndani, nusu nje.

Watu walijaa. Mfupi hakuwahi kutoka. Walimvuta kwa nywele, wakampiga kwa mawe na kwa mabomba. Mmoja akaleta petroli, wakataka wamrudishe ndani wamchome na gari. Nikasimama mlangoni.

"Mama, unamtetea aliyekuulia bwana?" mzee mmoja aliniuliza.

"Simtetei. Lakini aliyekufa leo ametosha."

Hawakunisikia, walinihurumia tu. Walimsogeza kando ya barabara wakammalizia pale. Alikuwa akiita mama yake. Gari ndilo lililopona.

Shemeji alikuja kulichukua. Damu iliyokuwa kwenye kiti aliiosha yeye, kwa mikono yake, na hajawahi kulizungumzia jambo hilo. Nalijua, na ndiyo maana sikumpeleka polisi kwa shavu langu. Jana akiwa mlangoni alisema, "Wewe ukisikia hiyo sauti unamsikia ndugu yangu akicheka. Mimi nasikia vile alilia." Lakini hakuwepo siku ile. Aliyemsikia akilia ni mimi.

Njeri anasema nimpe mtu wa Karen anayekusanya magari ya zamani. "Mama, lisije likakumaliza na wewe." Labda ana haki. Ninachotaka ni kuliendesha mara moja tu, mpaka zile barabara za Karen na kurudi. Kioo cha mbele hakipo, mlango umekunjika, ila bado linawaka. Nikiliwasha, shemeji atasikia, na sijui atakuja na nini mkononi. Nikikaa kimya, Jumamosi watalikata mbele ya macho yangu.

Nyinyi mliofiwa, hasa nyinyi, nishaurini nifanye nini. Na mkienda kusali, mumkumbuke Baba Njeri.