Watoto Wawili Tu

Mvua ikinyesha juu ya majivu hutoka harufu ambayo watu wengi hawaijali. Mimi inanirudisha mtaa wa Ngezi, Bunia, nilipokuwa mtoto. Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Shari alimwaga majivu ya jiko lake nyuma ya choo, mvua ikayakuta, na harufu ile ikanifikia nikiwa na ufagio mkononi. Nikaketi kizingitini. Mtu mzima, mwenye vyombo vya kuosha na nguo za kuanua, nimekaa nanusa choo cha watu.

Niwaeleze basi. Nilikuwa na miaka minane tulipohama kwetu, Iga Barrière. Baba alikuwa amepata kazi mjini Bunia ya kutunza bohari, magasinier, na mshahara wake ulitajwa kwa dola. Kule Iga neno dola lilitosha kumfanya mtu asalimiwe mara mbili. Tulikuwa na nyumba yetu ya matofali ya udongo, shamba la mihogo, kuku wachache, na choo ambacho baba alikichimba bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna aliyetuambia kwamba Bunia hata sombe, majani ya mihogo tu, hununuliwa, na maji, na makala ya kupikia, na kwamba mwenye nyumba hutaka garanti, yaani kodi ya miezi kadhaa ya mbele, kabla hujaingiza hata godoro.

Baba alizunguka wiki tatu akitafuta nyumba. Alichokiweza kwa mshahara ule kilikuwa vyumba viwili vya nyuma kwa Mama Espérance, mjane aliyeishi nyumba ya mbele na kusomesha watoto wake Kisangani kwa kodi za wapangaji. Mama Espérance hakuogopa kelele wala kuta kuchafuka. Aliogopa choo chake kujaa. Kiwanja kilikuwa kimekwisha nafasi, na hakukuwa tena na mahali pa kuchimba kingine.

"Muko na batoto bangapi?" alimuuliza baba.

"Babili," baba akasema.

Tulikuwa wanne. Kaka yangu Dieumerci alikuwa na miaka kumi na mmoja, nikafuata mimi, kisha Neema wa miaka minne, na Bahati aliyekuwa bado ananyonya. Baba aliwahesabu wale wadogo, nadhani kwa sababu ndio wenye matumbo madogo. Dieumerci angebaki Iga kwa nyanya mpaka tukae sawa. Ndivyo walivyosema, mpaka tukae sawa. Mimi ningekuja kama mtoto wa dada yake mama, aliyekuja kutembea. Kwa nini mimi na si kaka? Kwa sababu nililia zaidi. Yeye alisimama tu karibu na mihogo iliyoanikwa, akinitazama ninavyogaagaa chini.

Njiani, juu ya mizigo, mama alinifundisha. "Kule utaniita tantine. Baba utamuita tonton. Ni kwa siku kidogo." Nikaona ni mchezo. Lakini tulipofika, mama alimpa Mama Espérance mkono, akajitambulisha: "Miye ni Mama Neema." Niligeuka kutazama anamsema nani. Iga nzima mama aliitwa Mama Dieumerci, kama kila mama anavyoitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sasa kwa neno moja alikuwa amempita kaka, akanipita na mimi, akasimama kwa Neema.

Nawaambia ukweli, mchezo ule ulichosha upesi. Neema aliposikia nasema tantine, naye akaanza kusema tantine, ikabidi afinywe. Niliruhusiwa kusema mama ndani tu, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mlango wenyewe haukufungwa ila mvua ikinyesha, kwa hiyo nikawa napenda mvua. Baba alirudi jioni na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akaketi kwenye kiti chetu kimoja. Iga alikuwa mtu wa utani. Bunia alikuwa mtu wa kuvua viatu polepole. Tulikula mara moja kwa siku, saa tisa, bugari, ndiyo ugali, na mboga ya lenga-lenga, na mama alisema tumbo la mjini linazoea. Langu halikuzoea.

Kila Jumamosi kila mpangaji alimwaga mkebe wa majivu chooni ili shimo lishuke. Mama Espérance alisimamia mwenyewe. Akimaliza, aliinama akachungulia ndani kwa makini, sikio upande mmoja, mfano wa mtu anayesikiliza sufuria kama imechemka. Kisha alitutazama mmoja mmoja. Mimi nikaamini kabisa kwamba anajua nani ameweka nini.

Hapo nikafanya uamuzi wangu wa kitoto. Nikiacha kutumia choo, sitahesabiwa. Nisipohesabiwa, sitarudishwa Iga. Basi nikawa nangoja shule, kwenye vyoo vile visivyo na milango, na siku zisizo za shule nilikimbilia vichaka vya kando ya mto Nyamukau nikisema naenda kutazama wanaofua. Nilijivuna sana. Nilihisi namsaidia baba kulipa nyumba.

Likizo ikaja, na mvua za kila siku pamoja nayo. Shule imefungwa, vichakani hapapitiki. Nikajizuia. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Siku ya sita tumbo lilikuwa gumu, na homa ikanipanda. Mama alinilaza kwenye mkeka sebuleni, mlango wazi ili nipate hewa, akanikanda kwa mafuta ya mawese. Hakujua ninaumwa nini, nami sikumwambia.

Mama Espérance akaja na papai bivu kwenye sahani. Alikuwa amesikia mgeni wa Mama Neema ni mgonjwa. Alisimama mlangoni, mama akasimama pia, na wakati huohuo maumivu yakanikata vibaya nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mama! Mama!"

Mama alinitazama, akamtazama mwenye nyumba. Naukumbuka uso wake vizuri kuliko sala zangu. "Tantine iko hapa, Dorcas," akasema. "Mama yako iko Iga."

Nilikuwa na homa, nikamwamini. Nikalia kama mtu aliyeachwa njiani, nikiita mama mbele ya mama.

Mama Espérance aliweka sahani chini. "Mama Neema," akasema kwa upole, "mutoto anakuita. Umuitike."

Mama aliketi sakafuni pale pale, akanivuta kifuani. "Niko hapa," akasema. "Mama yako iko hapa." Akarudia mara nyingi, mbele ya yule mwanamke, mpaka nikatulia. Nilipoulizwa shida yangu ni nini, nikaitoa yote: kwamba nilijizuia ili choo kisijae. Mama Espérance akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mutoto wa miaka munane atajaza choo yangu na nini? Kula papai, mama. Kisha uende. Ni mimi natuma."

Kesho yake jioni alikuja kuongea na baba. Nilikuwa bado kwenye mkeka, nimepona, nasikiliza. Hakutufukuza. Alisema na yeye ana watoto wa kulipia, na aliye na watoto zaidi lazima aongeze kitu juu ya kodi. Tangu Jumamosi hiyo tungemwaga mikebe miwili ya majivu.

"Basi ni batatu," akasema. "Kuko mwengine?"

Baba alitazama viatu vyake. Mama alikuwa amempakata Bahati, hakuinua kichwa.

"Hakuna mwengine," baba akasema.

Mimi wakati ule nilisikia kitu kimoja tu, kwamba sasa naweza kusema mama uani. Nikasema siku nzima. Mama, maji yako wapi. Mama, kuku wa jirani ameingia. Mama, hakuna kitu, nakuita tu. Nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Ngezi, na sikujiuliza kwa nini tangu jioni ile hakuna aliyesema tena mpaka tukae sawa.

Ilinichukua miaka kuelewa. Mshahara ule ulikuwa na nafasi ya mtoto mmoja zaidi, na ile nafasi niliichukua mimi kwa kuita. Dieumerci alikua kwa nyanya. Alikuja Noeli chache kama kijana wa mjomba, anakaa ukingoni mwa kiti, anaomba maji. Leo ana ndevu na watoto wake, na bado akija kwa mama huuliza kwanza kama anaweza kutumia choo. Hajawahi kunisema. Afadhali angenisema. Na baba na mama siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe sasa nalipa kodi Shari, na najua uchovu unavyoweza kumfanya mtu atoe jibu fupi. Lakini naona haya, na haya hiyo haina mtu wa kupelekewa.

Mwaka jana nilimsindikiza mama sokoni. Anatembea polepole siku hizi. Tukiwa tunachagua lenga-lenga, mwanamke mmoja mzee akaita kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimtambua, alikuwa jirani yetu wa Iga, mmoja wa wengi waliokimbia vita kule wakaja mjini na vitu vichache mgongoni. Aliita kwa furaha, mikono juu, "Mama Dieumerci! Mama Dieumerci!"

Mama aliendelea kupindua mafungu ya mboga. Yule akaita tena. Mama akageuka nyuma yake, akatazama kulia na kushoto, akitafuta ni nani anayeitwa.

Nikamshika kitenge. "Ni weye banaita, mama," nikamwambia. "Itika."