Mkono wa Pimamaji

Wifi yangu si mtu wa kukaa naye kirahisi, na nasema hivyo mimi niliyeishi naye nyumba moja tangu kaka yangu alipofariki. Hapendi kitu kilichokaa upande. Tulipokwenda kumpa pole jirani aliyefiwa na mume, watu wote tumeinamisha vichwa, yeye akanyanyuka akaenda ukutani kunyoosha picha ya marehemu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aliporudi kukaa akaninong'oneza, "Ilikuwa imelala," kana kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemtuma.

Kazini walimwita Pimamaji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja kwenye duka la mapambo ya nyumba. Mbele ni vioo, mazulia na taa za ajabu ajabu; nyuma ni karakana ya ufinyanzi, matope mpaka magotini. Mimi kazi yangu kufungasha. Yeye alikuwa mfinyanzi, na vyombo vya maua vya lile duka vilitoka mikononi mwake. Chombo kikishapoa kutoka tanurini alikijaza maji mpaka juu kabisa, akakiinamia. Maji yakifika ukingoni pande zote kwa pamoja, chombo kimepita. Yakitangulia kumwagika upande mmoja, hata kidogo tu, anachukua nyundo iliyotundikwa mlangoni, anakipasua. Hakuna mjadala. Mwenye duka akilalamika, jibu lilikuwa lile lile:

"Wewe ukishauza umemaliza. Mimi kitakaa kwa watu kinanisema miaka yote."

Alimfundisha binti yake wa pekee kazi hiyo hiyo. Alimkalisha kwenye gurudumu, akasimama nyuma yake, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakaupandisha udongo pamoja. "Usisukume," alimwambia. "Nifuate." Yule mtoto alitoka pale macho mekundu mara nyingi, maana mama mtu hana lugha ya kubembeleza. Mimi shangazi ndiye niliyekuwa namfuta machozi na kumpa kitu atafune. Siku moja nikamjia juu wifi yangu, nikamwambia utamvunja moyo huyu. Akanitazama, halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau:

"Wifi, mimi nitakufa. Mkono wangu usife. Ni hicho tu ninachokitaka."

Basi nikarudi kwenye kufungasha kwangu.

Ugonjwa ulianzia kwenye chai. Asubuhi tumekaa mezani, nikasikia kikombe chake kinagonga kisahani, ti-ti-ti-ti. Nikamtania, "Wifi, leo umeamkia ngoma?" Alicheka. Mimi pia nilicheka, mpumbavu mkubwa. Baada ya muda kile kicheko kikaisha, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka hata ukiwa umelala juu ya paja. Daktari alisema taratibu, kwa heshima, kwamba dawa zitautuliza kidogo lakini kupona hakupo. Wifi akamuuliza, "Kidogo kiasi gani?" Daktari akaangalia dirishani.

Vyombo vikaanza kupinda. Shingo inakwenda huku, tumbo linakwenda kule, ukingo una mawimbi. Alivipasua vya kwanza. Halafu hata nyundo ikaanza kumkosa. Analenga chombo, anapiga meza. Siku aliyojipiga kidole aliiacha nyundo kwenye msumari wake, na vile vilivyopinda akawa anavisukumia nyuma ya mlango kwa mguu. Alimtaka kila mtu asiviguse. Atavivunja mwenyewe, alisema, akipata nafuu.

Aliyevigusa ni Mbunifu. Ndivyo tulivyomwita yule mama mwenye miwani mikubwa aliyeletwa na mwenye duka kuchagua vitu na kupamba nyumba za wateja. Alikuwa anatafuta ufagio, akafungua mlango, akachuchumaa. Nikaona anafuta macho.

"Nani ametengeneza hivi?"

"Hivyo vimeharibika," wifi akasema. "Vinangoja nyundo."

"Usivivunje, nakuomba. Watu wamechoka na vitu vya kiwandani, vyote sawasawa. Hivi vina mtu ndani."

"Vina ugonjwa ndani."

Mbunifu akasimama. Akauchukua ule mkono unaotetemeka akaushika kwa mikono yake miwili, akamwambia pole, na alisema kweli, kwa sababu alikuwa analia. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia kwa raha zangu. Kisha akavipeleka vyombo vyote mbele ya duka, akavipanga chini ya taa, na havikumaliza wiki.

Nilipeleka kimoja nyumbani kwa mteja, nimekipakata garini kama kichanga. Hebu niwaambie sebule ile. Nyeupe yote, mpaka unaogopa kupumua. Kuna kiti cha miguu mitatu ambacho hakikaliwi. Kuna taa mfano wa kapu la kuku. Ukutani kuna picha kubwa, mstari mmoja mwekundu, basi, mchoraji kaenda zake nyumbani. Mwenye nyumba akakiweka chombo cha wifi juu ya meza ndogo peke yake, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Nikamuuliza maua atayaleta nani.

"Ah, hiki hakitiwi maua, dada. Hiki ni cha kutazama tu."

Nilirudi mbio kumhadithia wifi nikijua atacheka mpaka kesho. Sikumtendea haki kuwaza hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Wanatazama nini?"

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tangu hapo hakuna aliyetaka vilivyonyooka. Naye akaendelea kutengeneza, maana dawa zinanunuliwa na nyumba inataka kula, mpaka mkono ukawa hauwezi kutoa hata vilivyopinda. Udongo ukawa unamwangukia juu ya gurudumu kama uji. Mwenye duka akasema apumzike, nafasi yake apewe binti. Wakati huo binti alikuwa mwanamke mzima, na kazi ya mama yake ilikuwa imemwingia vidoleni. Siku yake ya kwanza alitoa chombo kirefu, chembamba, kimesimama wima. Kilipotoka tanurini wifi alikuja kutoka nyumbani, nimemshika kiwiko. Binti akajaza maji. Yakapanda, yakavimba juu ya ukingo, yakashuka pande zote kwa pamoja. Wifi yangu alipiga kigelegele humo karakanani, yule yule asiyejua kubembeleza, akamkumbatia mwanawe na matope yake yote. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yake.

Mbunifu akapita. Akakigeuza geuza.

"Kizuri," alisema. "Lakini kama hiki hata kiwandani kipo. Wateja wanaulizia vile vya mama."

Binti alijaribu. Alikibonyeza chombo hapa, akakivuta pale. Mbunifu akatikisa kichwa kwa upole. Unaigiza, akamwambia, inaonekana. Akajaribu tena, na tena, kikawa kichekesho. Mwenye duka akaanza kusema maneno ya kutafuta mtu mwingine. Nyumbani tulikuwa watatu, na mimi mshahara wa kufungasha mnaujua.

Ndipo binti akamleta mama yake tena. Akamkalisha kwenye kigoda nyuma yake. Nilikuwa pale pale na karatasi zangu, nikadhani anataka ushauri.

"Mama," akasema bila kugeuka, "weka mkono wako juu ya wangu."

Wifi hakuelewa mara moja. Alipoelewa nilimwona usoni, na laiti ningekuwa nimetoka nje. Gurudumu lilikuwa linazunguka bure na donge lake la udongo. Halafu akaunyanyua ule mkono, ukirukaruka, akaulaza juu ya mkono wa mwanawe.

"Usisukume," akasema. "Nifuate."

Udongo ukapanda unatetemeka. Shingo huku, tumbo kule. Mbunifu alikuwa mlangoni, kajiziba mdomo. "Ndiyo," akawa anasema, "ndio mkono wenyewe huo."

Chombo kilipotoka tanurini wifi aliniomba nikijaze maji. Nikamwambia ya nini tena, wifi yangu, tuache. Akaning'ang'ania. Nikakijaza. Maji yakamwagika upande mmoja, yakamlowesha miguu.

"Nipe nyundo," akasema.

Nyundo ilikuwa kwenye msumari wake, nikiinua mkono tu naipata. Binti akaniangalia. Alitikisa kichwa kidogo, machozi yanamtoka. Nikamwaga maji yaliyobaki, nikachukua karatasi, nikaanza kukifungasha. Wifi yangu akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa. Sikumnyamazisha, ningemwambia nini?

Siku hizi binti hamwiti tena mama yake karakanani. Ameushika ule mkono kwa kuuiga, amekaa nao kutwa kucha mpaka umekuwa wake. Akiugusa udongo tu mkono wake unaanza kutetemeka, na vyombo vinatoka vile vile wanavyovitaka. Mbunifu anamsifu kwa kila mgeni. Duka linajaa, na sisi tunakula.

Jana asubuhi tulikuwa mezani wote watatu tunakunywa chai. Nikasikia, ti-ti-ti-ti. Nikamtazama wifi, kikombe chake kilikuwa bado mezani, hajakigusa. Binti akaona tunavyomtazama, akajilazimisha kutabasamu.

"Mazoea tu, shangazi," akasema. "Ni kazi. Mkono utaacha."

Wifi yangu akanyoosha mkono akishike kikombe cha mwanawe kitulie, kikazidi kugonga.