Hendeli au Mota

Ugomvi wangu na dada ulianzia kwenye gereji moja pale Mwembesongo, mbele ya fundi na wateja wake, na chanzo chake kilikuwa turubai.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Vitu vilikuwa vimeanza kuonekana tena madukani, na mjini Morogoro kila mtu alikuwa akijaribu biashara. Sisi tulikuwa washonaji. Marehemu shemeji, mume wa dada, alikuwa dereva wa mkandarasi wa barabara, Mzungu, ambaye alipomaliza kazi na kurudi kwao alimwachia gari lake la nyumba: gari refu lenye kitanda, jiko dogo na meza humo humo ndani. Shemeji alipofariki, ndugu zake walitaka liuzwe. Dada alikataa. Aling'oa kitanda, tukaweka vyerehani viwili, naye akashika usukani mwenyewe. Tukawa tunafuata magulio, leo Gairo, kesho Mkuyuni, tukishona na kuuza magauni. Wateja walikaa nje, chini ya turubai lililofungwa juu ya mlango na kuvutwa mbele likawa kama baraza. Turubai hilo ndilo lililochakaa.

Fundi alikuwa nayo mawili, yametolewa kwenye magari mabovu yaliyoingia kwa meli. La kwanza lilifunguliwa kwa hendeli, unazungusha kama anayeteka maji kisimani. La pili lilikuwa na mota. Unabonyeza swichi, linatoka lenyewe, linanguruma taratibu.

"Nataka la mota," dada alisema.

"Mota ikigoma je?" niliuliza. "Fundi, lina hendeli ya akiba?"

"Ilikuwepo, mama. Imepotea huko bandarini. Lakini mota ni nzima kabisa."

"Umesikia, dada? Tuchukue la hendeli. Nitakuwa nazungusha mimi."

Alinigeukia kama nimemtukana. "Kila kitu utafanya wewe? Gari la mume wangu, turubai nachagua mimi."

Nilidhani anataka tu kuwatambia wenye meza za miti pale gulioni. Fundi akalifunga, akaahidi kwamba lisipotufaa tutabadilishana. Tukashika njia ya Mkuyuni. Alikuwa akikata kona za mlimani kwa ugumu fulani, akiinama na usukani mwili mzima, nami nikaona ni hasira.

Gulio lilikuwa limejaa. Dada alibonyeza swichi, turubai likatoka, na watu wakaja kutazama. Mchana mawingu yalishuka kutoka Uluguru yakiwa meusi, na mvua ikapiga ghafla, ya matone mazito. Waliokuwa jirani wote walikimbilia chini ya turubai letu: akina mama na vikapu vyao vya ndizi, na bibi mmoja aliyeleta mjukuu wake kupimwa gauni la kipaimara.

Maji yakaanza kutuama juu. Turubai likatuna, tumbo lake likashuka hadi karibu na vichwa vya watu.

"Funga!" nilipiga kelele.

Dada alibonyeza. Mota ikakoroma, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Kimya, na redio ndani ya gari inaendelea kuimba. Mguu mmoja wa chuma uliolishikilia turubai ulianza kupinda.

"Tokeni! Ingieni ndani ya gari!" Watu wakasukumana mlangoni. Yule bibi aliteleza kwenye tope akakaa chini, mjukuu akimvuta mkono na kulia. Nilichukua mti wa ufagio, nikasukuma lile tumbo la maji kwa chini. Lilikuwa zito kama gunia la mahindi.

"Dada, njoo tusukume!"

Alikuja. Alinyanyua mkono wa kushoto. Wa kulia ulifika kifuani, ukakwama pale. Nilimwona akiuma meno, akijaribu tena, na mkono haukupanda. Tukatazamana, maji yakitutiririka usoni.

Kisha alirudi ndani mbio, akatoka na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akaushika kwa mkono wa kushoto na kulichoma turubai katikati. Maji yalimwagika kwa kishindo, yakanipiga magotini nikaanguka. Mguu wa chuma ukalala upande, hatua moja tu kutoka alipokaa bibi.

"Shikamoo, bibi, umeumia?" dada aliuliza akimwinua kwa mkono ule mmoja.

"Marahaba. Sijaumia, mwanangu. Gauni halijalowa?"

Watu walipoondoka ndipo nilipomuuliza.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Bega. Hata kanga najifunga kwa shida, sembuse kuzungusha hendeli."

"Na unaendesha!"

"Ningekuambia, nawe ungekuwa upande wa ndugu za mume wangu. Ungesema liuzwe."

Ni kweli, ningesema hivyo hivyo. Na gari lilikuwa Mkuyuni, barabara imelowa, mimi sijui kuendesha. Alituteremsha polepole hadi mjini, na kwenye kila kona kali nilishika usukani upande wangu na kuvuta pale aliposema, "Vuta."

Hospitalini walimwambia bega limekakamaa, akapewa mazoezi ambayo yalimliza miezi mingi kabla mkono haujapanda tena. Turubai tulilishona wenyewe, tukalirudisha gereji. Fundi alipitisha vidole kwenye mshono, akacheka, akalipokea, akatufungia la hendeli.

Dada alinifundisha kuendesha. Hakuwa mwalimu mpole. Mara ya kwanza nilipolipeleka gari Gairo, aling'ang'ania mlango kwa mkono wa kushoto njia nzima, akinifokea kila tulipopishana na lori.