Waume Kumi na Mmoja wa Apolline

Marehemu mume wangu, Zéphirin, alisomea kwa mapadri wa Kasongo, na tulipooana tulihamia Kabambare, ambako alipima pamba kwenye ghala la kampuni. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na koti moja, kalamu mbili, na sikio ambalo sijaona lingine kama hilo. Jioni aliandika barua za watu wenye shida. Mtu akija, Zéphirin hakugusa karatasi. Alimketisha, akamwambia, "Eleza." Akimaliza, "Eleza tena." Alisema kwamba mara ya kwanza mtu hueleza taabu ya jirani, mara ya pili hueleza ile anayotaka watu waijue, kisha huchoka na kusema ya kwake.

Mwaka wa 1933 bei ya pamba ilianguka hata watu wakawa wanacheka mbele ya mzani, maana machozi yalikuwa yamekwisha. Kodi yenyewe haikuanguka. Asiyeilipa alifungwa, akatolewa kila asubuhi kwenda kulima barabara. Ndipo alipokuja mzee Jean-Baptiste. Chui alikuwa amekula mbuzi wake sita, upepo umechukua paa, na mkewe Apolline ameumwa mkono akimfukuza yule chui kwa mchi wa kutwangia. Zéphirin aliandika yote kwa Kiswahili safi, kisha akayasoma kwa sauti barazani, ili mwenye barua ajue anatuma nini. Wapita njia walisimama. Wawili walilia. Baada ya juma moja jibu likatoka bomani: Jean-Baptiste asubiriwe kodi yake mpaka mpunga uvunwe.

Siku chache baadaye Zéphirin aliitwa Kasongo, mama yake anaumwa. Akaazima baiskeli ya ghala akaenda. Vumbi lake halijatua, Faradji, jirani yetu wa msikitini, akapiga hodi.

"Mama Régina, ile barua ya Jean-Baptiste iko?"

"Nakala iko. Mwenyewe hayuko."

"Na wewe je? Masista hawakukufundisha kushona tu. Niandikie ile ile."

"Faradji, wewe una mbuzi?"

"Sina."

"Basi chui amekula nini?"

"Hiyo ni shida ya chui. Weka tu."

"Mke wako anaitwa Safi. Humu ni Apolline."

"Usiguse kitu, Mama, ila jina langu chini. Dawa ikiponya jirani, mutu hapunguzi majani yake. Ukitoa jani moja, haiponyi."

Nasema hapa wazi, kwa sababu wako wanaolisimulia jambo hili vibaya na kulipaka matope jina la mume wangu: mkono ulioandika ulikuwa wangu. Shuleni tulifundishwa kwamba nakala ni nakala, na ukibadili hata nukta unarudia ukurasa mzima. Nikanakili. Kesho yake akaja Marcellin, fundi wa mikeka, naye akataka dawa hiyo hiyo, bila kupunguza jani. Kabla juma halijaisha walikuwa wamefika kumi. Nakiri kwamba nilifurahi. Herufi zangu zilikuwa nzuri, na nilikuwa sijapata mtu wa kuzionyesha.

Siku ya nane Administrata, Bwana mkubwa wa boma, akatuma askari. Wenye barua wote waende bomani pamoja na wake zao waitwao Apolline, wafungwe majeraha. Kabambare nzima ilikwenda kutazama. Tulimkuta Bwana amesimama na viatu virefu, bunduki mbili mezani, na muuguzi kando yake amebeba bendeji kumi na moja.

"Mbuzi sitini na sita," akasema. "Katika juma moja."

"Hata kampuni haili hivyo," mtu akanong'ona nyuma.

Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamepanga mstari. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Apolline, mkono wake umefungwa kwa jani la mgomba.

"Huyu ni mke wa nani?" Bwana akauliza.

Jean-Baptiste akainua kidole. Wale kumi wakatazama ardhi.

"Bwana, hata mimi nangoja kusikia," Apolline akasema. "Waume kumi na mmoja, na leo nimekula mhogo bila chumvi."

Safi, mke wa Faradji, akapaza sauti kutoka nyuma. "Yaya, dada yangu, chukua wangu leo leo. Anakoroma."

"Asante, mdogo wangu. Kwangu pamejaa."

Watu walikaa chini kwa kucheka. Bwana hakucheka. Aliinua zile karatasi juu. "Nani ameandika? Kuidanganya serikali ni kifungo. Na kama ana kazi, kazi imekwisha."

Wakati huo huo Zéphirin alikuwa anaingia uwanjani, mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni, anasukuma baiskeli. Mama yake alikuwa amepona. Aliona mstari, akaona karatasi, na toka mbali akazitambua herufi zangu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua moja mbele. Akanikabidhi baiskeli. "Nishikie, Mama Régina," akasema taratibu, na mimi na usukani ule tukabaki palepale.

"Bwana, zimetoka nyumbani kwangu," akasema. "Kosa ni kwamba hawa hawakuulizwa. Naomba waulizwe sasa. Wakikosa taabu, nifunge."

Bwana akamnyooshea Faradji kidole. Faradji akaeleza habari za chui.

"Eleza tena," Zéphirin akasema.

Akaeleza habari za upepo.

"Tena."

Faradji akatazama upande wa Safi. "Nililala kibandani shambani. Ndege wakamaliza mpunga. Mke wangu alinikataza kusema."

Baada ya hapo hawakuzuilika. Marcellin alikuwa ametoa fedha ya kodi kumposea mdogo wake, na bibi harusi amerudi kwao Lusangi na sufuria. Mwingine alisema mkwe wake alikuja kumsalimu kwa siku mbili, na huu ulikuwa mwezi wa tano. Watatu wa mwisho wakasukumana, hata mmoja akakubali: walikuwa wamechanga fedha zote za pamba wakanunua gramafoni.

"Inalia vizuri?" Bwana akauliza.

"Haina sindano, Bwana."

Administrata akajifunika uso kwa kofia yake. Mabega yalitikisika muda mrefu. Alipoitoa alisema watasubiriwa wote mpaka mavuno, ila barua za kweli ziwe mezani kabla jua halijazama, na karani wa ghala arudi kazini kwake asubuhi.

Zéphirin akaketi kwenye ngazi ya boma na kunipa kalamu yake ya pili. Nikaandika tano, yeye tano. Alizisoma kwa sauti mbele ya wote, ila zile tatu za gramafoni zilimshinda kwa kicheko, nikazisoma mimi.

Tukirudi nyumbani alisukuma baiskeli mpaka darajani.

"Mwandiko wako umenishinda," akasema. "Kuanzia kesho mimi nisikilize, wewe uandike."

Nikamwambia nimekubali, lakini wino anunue yeye. Tuliandika hivyo miaka ishirini na miwili.