Mshika Breki wa Merryland

Wilf Tapsell hakuiamini rangi mpya. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mshika breki wa treni ya mbao ya Merryland, uwanja wa burudani ulio ukingoni mwa bahari hapo Saltmere, mpaka ulipofungwa na reli yake ikaachwa iliwe na chumvi. Treni hiyo, inayowapandisha watu na kuwaporomosha kwa raha kwenye vilima vya mbao, haijizuii yenyewe. Huzuiwa na mtu anayesimama katikati ya mabehewa, mkono kwenye wenzo, akijua mteremko upi wa kuushika na upi wa kuuachia.

Sasa kampuni mpya ilikuwa imeufufua uwanja, na Wilf, mwenye miaka sitini na sita, akaitwa arudi. Zilibaki siku mbili ufunguliwe. Kila nguzo ilikuwa nyeupe kama jino la bandia.

"Nyumba iliyooza ndiyo hupakwa chokaa kwanza," alimwambia meneja, Harriet Onslow, ambaye hakuvua kofia ya ujenzi hata akinywa chai.

"Mzee Wilf, wahandisi wamekagua mara tatu."

"Wahandisi hawapandi."

Asubuhi hiyo alichukua nyundo, akaitembea reli yote kwa miguu kama wafanyavyo watu wa kazi hii, akigonga kila boriti na kusikiliza. Boriti nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Norma Pegg, mpakaji grisi wa reli, alimfuata nyuma akicheka.

"Unambishia nani hodi, babu? Shetani kahama zamani!"

"Cheka tu, Norma. Hawa wananificha kitu."

Zote zililia. Wala hakufurahi. Alikuwa akiutafuta uozo kama mtu atafutaye manyoya ya kuku wake uani kwa jirani.

Mchana wakajaza mabehewa mifuko ya mchanga badala ya abiria, naye akapanda. Kwenye mteremko wa tatu alingoja pale pale alipozoea kungoja, akavuta. Treni haikumtii. Mbao zilikuwa mpya, grisi mbichi, na kasi ilikuwa nyingine kabisa. Iliingia kwenye kona magurudumu yakipiga yowe. Mfuko mmoja ukaruka nje, ukapasukia chini kwenye saruji.

Mwishowe aliisimamisha treni kituoni. Harriet akaja mbio.

"Ni mbao? Niambie ukweli, Mzee. Nikiahirisha, wakubwa wataniuliza kosa la nani."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema ni mbao, nani angembishia? Wiki nzima alikuwa akiyasema hayo hayo, na watu wa Saltmere wangemwamini. Lakini aliyezoea kuwashuku wenzake husahau kujikagua mwenyewe, na kosa hilo si dogo kwa mtu aliyekabidhiwa roho za watoto wa watu.

"Mbao ni nzima," alisema. "Mimi ndiye niliyechelewa. Nilikuwa navuta breki ya reli ambayo haipo tena."

Norma, aliyekuwa kando na kopo lake la grisi, akasogea karibu.

"Unataka siku ngapi?" Harriet akauliza.

"Wiki mbili, na mchanga tu. Nikishindwa, leteni mwingine nimfundishe ninachokijua."

Harriet alimkazia macho. Sasa shaka ilikuwa ya Harriet, nayo ilikuwa juu ya Wilf. Kisha akatoa simu na kuwapigia wakubwa. Wilf hakungoja jibu lao. Aliomba chaki kwa Norma, akapanda tena relini kutafuta na kutia alama mahali papya pa kuvuta breki.